Kwa Nini Kisanduku Hakifuati Kipanya? Historia ya kuburuta michoro kwenye wavuti

Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo kila anayechora michoro ndani ya kivinjari amekutana nalo, ila wachache hujiuliza limetoka wapi. Unafungua programu, unaweka visanduku vyako, unaviunganisha kwa mishale, mambo shwari. Mchoro ukinenepa ukafika visanduku mia mbili hivi, unakamata kimoja na kukiburuta. Mkono wako umeshafika kulia, kisanduku bado kiko kushoto. Unangoja. Kinaruka hadi katikati, kinaganda, kisha ghafla kinatua mahali ambapo hukukusudia. Lawama ya kwanza huwa ni kwamba mtandao uko chini leo. Lakini chomoa waya wa intaneti ujaribu tena: mara nyingi kisanduku kitachelewa vilevile. Mtandao unasingiziwa.

Ukweli ni kwamba kesi hii ina zaidi ya miaka 60, na ukiifuata toka mwanzo utaona jambo la ajabu kidogo: dawa yake iligunduliwa mapema sana, ikasahaulika, ikagunduliwa tena, ikasahaulika tena. Hebu tuifuate.

Tuanzie mwaka 1963, kule Marekani, chuo cha MIT. Mwanafunzi wa uzamifu kwa jina Ivan Sutherland aliandika programu iliyoitwa Sketchpad, ikiendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2 katika maabara ya Lincoln. Hapakuwa na kipanya. Mchoraji alishika kalamu ya mwanga, akaigusisha kwenye kioo, na mstari ukavutika kama mpira ukifuata kalamu. Zaidi ya hapo, vitu viliweza kufungamanishwa: ukisogeza kimoja, vilivyoshikana nacho vinasogea pia. Yaani mambo ambayo leo tunayaona ya kawaida katika kila programu ya michoro yalikuwepo kabla hata binadamu hajakanyaga mwezi.

Sasa angalia jambo moja muhimu. TX-2 ilijaza chumba, lakini Sutherland alipokuwa akiitumia, ilikuwa inamhudumia yeye peke yake. Kalamu yake haikupanga foleni nyuma ya kazi ya mtu mwingine. Likumbuke hilo neno foleni, tutalirudia.

Mwaka 1968 yalitokea mambo mawili. Tarehe 9 Desemba, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu kipanya chake hadharani, kifaa ambacho mwenzake Bill English alikuwa amekiunda miaka michache kabla. Mwaka huohuo Robert Miller wa IBM aliandika makala juu ya muda ambao mtu anaweza kuvumilia akiingojea kompyuta. Kwake, kitu kikitakiwa kionekane kama kimefanyika papo hapo, jibu lazima lije ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, yaani milisekunde 100. Mwaka 1993 Jakob Nielsen aliirudia kanuni hiyo katika kitabu chake juu ya urahisi wa matumizi, na tangu hapo imekuwa kama amri ya Musa kwa wanaounda programu.

Lakini amri hiyo inafaa kubonyeza, haifai kuburuta. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kidole chako kinateleza kwenye kioo kwa mwendo wa sentimita 30 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu. Kompyuta ikichelewa milisekunde 100, kisanduku kitakuwa nyuma ya kidole kwa sentimita 3. Hiyo ni karibu nusu ya upana wa simu! Ukibonyeza kitufe huna cha kulinganisha nacho, lakini ukiburuta, kidole na kisanduku viko pamoja mbele ya macho yako na pengo linajionyesha lenyewe. Mwaka 2012 watafiti waliojaribu vioo vya kugusa vyenye kasi ya pekee walikuta kwamba anapoburuta kitu, mtu wa kawaida hutambua ucheleweshaji hata ukiwa chini ya milisekunde 10. Kwa hiyo mwenye programu anayejisifu kwamba ametimiza milisekunde 100 bado anaweza kuwa na wateja wanaonung'unika, na wako sahihi.

Turudi kwenye historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ben Shneiderman aliupa jina mtindo huu wa kushika kitu kwenye skrini na kukisogeza badala ya kuandika amri. Januari 1984 Apple wakatoa Macintosh. Ile mashine ilikuwa na prosesa ya megahezi 8 na kumbukumbu ya kilobaiti 128. Simu ya bei rahisi kabisa dukani leo inaiacha mbali kiasi kwamba ni aibu kulinganisha. Hata hivyo, ukiburuta dirisha au ikoni kwenye Macintosh, haikuachana na kipanya. Waliwezaje?

Hawakuburuta kitu chenyewe. Waliburuta mzingo wake tu, ule mstari wa pembeni wa rangi ya kijivu. Mzingo huo ulichorwa kwa kugeuza pikseli: nyeusi ikawa nyeupe, nyeupe ikawa nyeusi. Kuufuta ni kuzigeuza tena, na kilichokuwa chini kinarudi kama kilivyokuwa bila kuchorwa upya. Ukiachia kitufe, hapo ndipo kazi nzito inafanyika, mara moja. Kazi ndogo wakati mkono unatembea, kazi kubwa mkono ukishatulia. Hiyo ndiyo dawa niliyoitaja, na ilikuwa sokoni mwaka 1984.

Kwa upande wa michoro ya visanduku na mishale, mwaka 1992 ilitoka Visio, kazi ya kampuni ya Shapeware ambayo baadaye ilichukua jina la bidhaa yake. Microsoft waliinunua, na ununuzi ukakamilika mwaka 2000. Visio ilikaa kwenye diski ya kompyuta yako na kuchora kupitia Windows moja kwa moja. Watu wakazoea kwamba mshale umefungwa kwenye kisanduku na unakifuata. Kisha ikaja wavuti, na watu wakataka kitu hichohicho ndani ya ukurasa.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza upya. Kivinjari kiliundwa ili kuonyesha maandishi. JavaScript ilizaliwa mwaka 1995, Brendan Eich akiwa Netscape, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa mambo madogo kama kukagua fomu. Mwaka 1997 Internet Explorer 4 na Netscape 4 viliwezesha kusogeza kipande cha ukurasa bila kuupakia upya, ila kila kimoja kwa njia yake. Kuchora nako kulikuwa vita vya fahali wawili. Microsoft na wenzake walipeleka VML kwa W3C mwaka 1998, wengine wakapeleka pendekezo lao, na mwaka 2001 W3C wakaidhinisha SVG. Internet Explorer ikabaki na VML yake na haikuelewa SVG mpaka toleo la 9 mwaka 2011. Miaka 10 nzima, aliyetaka kuchora mstari wa mshazari kwenye wavuti aliandika msimbo mara mbili, au alitumia Flash.

Mwaka 1999 Internet Explorer 5 ilileta matukio ya kuburuta na kuachia, na baadaye yakaingizwa katika HTML5 karibu kama yalivyokuwa. Wengi hudhani ndiyo yanayotumika kusogeza visanduku. Hapana. Yale yalibuniwa kwa kubeba kitu toka sehemu moja kwenda nyingine, kama faili toka kwenye folda kwenda kwenye ukurasa. Kivinjari hukupa picha hafifu inayofuata kipanya, na wewe huna usemi mkubwa juu yake. Mchoro unahitaji kujua kila hatua ya kipanya ili mishale ifuate. Kwa hiyo waandishi wa programu za michoro walirudi kwenye njia ya kienyeji: kitufe kimebonyezwa, kipanya kimesogea, kitufe kimeachiwa.

Mwaka 2005 Google Maps ilitoka, na dunia ikaona ramani inayoburutwa ndani ya kivinjari bila kusuasua. Kila mtu akataka programu yake iwe hivyo. Gliffy ilianza kutumika mwaka 2006, ikiwa imejengwa juu ya Flash. Wakati huohuo kulikuwa na mxGraph, maktaba ya JavaScript iliyochora kwa VML kwenye Internet Explorer na kwa SVG kwingineko. Hiyo ndiyo baadaye ilizaa draw.io. Mwishoni mwa 2008 ikaja Lucidchart, nayo ikakataa Flash. Waliokataa Flash walikuwa wakibishana na hali halisi ya siku zile, lakini historia iliwapa ushindi: Adobe waliacha kuihudumia Flash mwisho wa mwaka 2020.

Sasa tuingie jikoni tuone moshi unatoka wapi.

Ndani ya ukurasa, kazi karibu zote hupita katika uzi mmoja. Kusikiliza kipanya, kuendesha JavaScript, kupanga ukurasa, kuandaa uchoraji: wote wako kwenye foleni moja, kama matatu moja kwenye barabara nyembamba. Skrini ya kawaida hujichora mara 60 kwa sekunde, yaani una milisekunde 16.7 tu kwa kila fremu. Kipanya cha kawaida cha USB hutoa taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Msimbo wako ukichukua milisekunde 40 kujibu taarifa moja, kipanya kimeshatoa nyingine 5. Kivinjari huziunganisha zile zilizorundikana, na ndiyo maana kisanduku hakitembei polepole bali kinarukaruka.

Ni nini kinachokula hizo milisekunde 40? Kosa la kwanza ni kusoma na kuandika kwa zamu. Unabadilisha mahali pa kisanduku, halafu unakiuliza kivinjari kisanduku kina upana gani. Ili akujibu ukweli, kivinjari analazimika kupanga upya ukurasa papo hapo. Ukifanya hivyo ndani ya mzunguko wa visanduku 200, umemlazimisha apange ukurasa mara 200 ndani ya fremu moja. Soma vyote kwanza, kisha andika vyote, na tatizo linapungua kwa kiasi kikubwa.

La pili ni mishale. Mshale mzuri hukata kona ili usipite juu ya kisanduku kingine, kwa hiyo lazima ukague uko karibu na nani. Mchoro wenye mishale 300 na visanduku 200, ukikagua kila mshale dhidi ya kila kisanduku, ni ukaguzi 60,000 kwa kila hatua. Mara 60 kwa sekunde, unapata 3,600,000. Kompyuta nzuri inaweza kuimeza hesabu hiyo peke yake, lakini kila mshale ukibadilika lazima pia uchorwe upya, na hapo ndipo pumzi inakata. Ajabu ni kwamba ulisogeza kisanduku kimoja chenye mishale 4. Ile 296 mingine ilikuwa imetulia kwake, tumeisumbua bure.

Dawa zilikuja moja moja. Septemba 2008 Chrome ilitoka na injini ya V8, na wengine wakafuata, JavaScript ikawa na mbio zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Apple walikuwa wameanzisha kanvasi, ubao ambao unaupaka pikseli na basi. Kanvasi haikumbuki chochote, hivyo haina mzigo wa kutunza maelfu ya vitu ndani ya ukurasa. Lakini kwa kuwa haikumbuki, mtumiaji akibonyeza, ni juu yako kujua amegusa nini. Hapo wengi hukimbilia miti ya kugawa eneo kwa robo robo, mbinu ambayo Finkel na Bentley waliiandika mwaka 1974. Badala ya kuwauliza wote 200, unauliza waliomo katika robo ile tu.

Kati ya 2010 na 2011 vivinjari vikaanza kutoa requestAnimationFrame. Kabla yake watu walikisia kwa saa ya setTimeout, wakachora fremu ambazo hazikuonekana kamwe au wakakosa zile zilizotakiwa. Sasa kivinjari ndicho kinachokuita: niko tayari kuchora, leta ulicho nacho. Kipanya kikisogea unaandika tu mahali kilipo, na uchoraji unafanyika mara moja kwa fremu.

Simu nazo zikaleta kesi mpya. Tangu iPhone ya 2007, kidole kina kazi mbili: kuburuta kitu na kuviringisha ukurasa. Kivinjari hakijui unataka ipi mpaka kiulize msimbo wako, na kama msimbo una shughuli, kidole kinangoja. Microsoft walipendekeza matukio ya kielekezi, yanayounganisha kipanya, kidole na kalamu. Yakawa kiwango rasmi cha W3C mwaka 2015, na Safari ikayakubali mwaka 2019. Pamoja nayo kuna kanuni ya CSS ya touch-action, ambayo unakiambia kivinjari mapema kwamba hapa ni pa kuburuta, usiniulize.

Tulioko huku Afrika Mashariki tuna sura yetu katika hadithi hii. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya kimataifa ilipita kwa setilaiti zilizo juu kama kilomita 36,000. Swali kwenda na jibu kurudi ni safari nne za umbali huo, na hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Programu yoyote iliyomtumia seva habari kwa kila hatua ya kipanya na kungoja jibu ilikuwa imekufa kwetu kabla ya kuzaliwa. Nyaya zilipofika tukadhani kusuasua kumekwisha. Kumbe nusu ya tatizo haikuwa baharini, ilikuwa ndani ya prosesa tuliyoishika mkononi. Na simu nyingi mikononi mwa watu wetu si zile ambazo waunda programu wa California huzijaribia kazi zao.

Nilishuhudia jambo hili nilipokabidhiwa kazini programu ya zamani ya kuchora mtandao wa mabomba ya maji, matangi, vali na njia zake. Ofisini, kwenye kompyuta ya mezani, ilikwenda vizuri. Mafundi walioitumia mitaani kwa simu walikuwa wameiacha na kurudi kwenye karatasi. Walipoulizwa walisema hawaiamini: unasogeza vali, inatua kwingine. Hilo si suala la urembo. Bomba lisilo mahali pake kwenye mchoro ni bomba ambalo kesho mtu atalichimba na sururu. Tulipopima tukakuta kila hatua ya kidole ilikuwa inapanga upya njia za mabomba yote. Tiba haikuwa kubwa: kidole kikitembea, onyesha mzingo wa kitu na mistari minyoofu ya mabomba yake machache tu; kikiachia, panga njia vizuri. Yaani Macintosh ya 1984. Simu zilikuwa zilezile, na mafundi wakarudi.

Mwishoni mwa 2015 Figma ilijitokeza ikiwa imeandikwa kwa C++ na kuchora kupitia WebGL, na mwaka 2017 ikahamia WebAssembly. Imeonyesha kwamba kivinjari kinaweza kubeba michoro mizito sana. Excalidraw, iliyoanza 2020, hutumia kanvasi ya kawaida, na siku hizi imetenga kanvasi ya vitu vilivyotulia na ya yale yanayobadilika mkono ukiwa kazini. Ukiitazama vizuri, ni wazo lilelile la mzingo wa kijivu limevaa nguo mpya.

Neno la tahadhari kwa wenzangu waunda programu. Tangu Machi 2024 Google hupima wepesi wa kurasa kwa kipimo kiitwacho INP, na hadi milisekunde 200 wanakuhesabu umefaulu. Lakini kipimo hicho huangalia kubonyeza, kugusa na vibonye vya kuandikia. Safari ya kuburuta yenyewe hakiipimi. Unaweza kupata alama ya kijani na bado mtumiaji wako anaburuta gunia la mawe. Kwa hiyo pima mwenyewe: chukua simu ya bei ya chini, mchoro mkubwa kuliko ule wa maonyesho, uburute, uhesabu fremu.

Nikiyajumlisha, kila mashine mpya ilipotupa nafasi, sisi tuliijaza kazi ambayo mkono unaotembea haukuiomba. Kasi ilikuja, tukaila. Atakayekumbuka kwamba mkono ndio wa kwanza kwenye foleni, na wengine wote wangoje, programu yake itakuwa nyepesi hata kwenye simu ya kuazima.